Diski Iingiayo na Kutoka: Utunzaji wa Katriji za Sumaku

Katriji ya diski ya sumaku ni sahani, mara nyingi ya alumini, iliyopakwa rangi ya kahawia yenye chembechembe za oksidi ya chuma, kisha ikavalishwa kasha la plastiki ili iweze kuchomolewa kwenye mashine, kuwekwa rafuni na kurudishwa siku itakapohitajika. Kumbukumbu zote zimo katika rangi hiyo, ambayo unene wake ni mikroni chache tu. Kasha huikinga, lakini halikuzibwa kabisa: lina mlango mdogo wa kupitisha vichwa vya kusomea na tundu la kupitisha kitovu kinachokamata mhimili wa mashine. Hatari nyingi za katriji huingia kwa milango hiyo miwili.

Ukoo wake ulianza mwaka 1962, kampuni ya IBM ilipotangaza kiendeshi cha 1311. Pakiti yake ilikuwa na sahani 6 zilizopangwa kama ghorofa, uzito wake kilo 4 na nusu hivi, nayo ilibeba herufi milioni 2. Baada yake ikaja katriji ya sahani moja, aina ya 2315, iliyotumiwa na kompyuta ya IBM 1130 ya mwaka 1965. Sahani hiyo ina kipenyo cha inchi 14, karibu sentimita 36, sawa na sinia la kuandalia chai. Katriji za umbo hilo zikaenea kwa watengenezaji wengine. Kampuni ya DEC ilizitumia kwenye kiendeshi cha RK05 cha mwaka 1972, kila moja ikibeba megabaiti 2 na nusu. Kompyuta ya Alto ya Xerox, iliyoundwa mwaka 1973, nayo ilisoma katriji za jinsi hiyo hiyo. Toleo la sita la mfumo wa Unix, la mwaka 1975, lilitolewa na Bell Laboratories kwa tepu au kwa katriji za RK05, na maelekezo yaliyoandamana nalo yalimshauri mpokeaji atoe nakala mapema kabisa, lisije likatokea balaa. Katika miaka ya 1980 na 1990 katriji zilipungua umbo zikaongezeka uwezo: SyQuest ya megabaiti 44, iliyopendwa na wapangaji wa magazeti na vitabu, kisha Zip ya megabaiti 100 mwaka 1995, na Jaz ya gigabaiti 1.

Leo hakuna kiwanda kinachozitengeneza. Zilizobaki zimo katika makumbusho ya kompyuta, maktaba za vyuo, stoo za magazeti na makabati ya ofisi ambazo zilihamia teknolojia nyingine bila kuhamisha yaliyomo. Katriji ikiharibika sasa haina mbadala, na mara nyingi maandishi, michoro au hesabu zilizomo ndani yake hazipo mahali pengine popote duniani. Ndiyo maana elimu ya kuzishika, ambayo zamani ilikuwa kazi ya kawaida ya mwendesha mashine, ina thamani kubwa leo kuliko wakati zilipokuwa madukani.

Jambo la kwanza kulielewa ni jinsi kichwa kinavyosoma. Katika RK05 sahani huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Ukingo wake wa nje hukimbia mita 28 kwa sekunde, yaani kilomita 100 kwa saa, mwendo wa basi la mikoani kwenye barabara nzuri. Mzunguko huo huburuta hewa, na hewa hiyo huinua kichwa kikaelea juu ya rangi bila kuigusa. Nafasi inayobaki kati yao ni mikroni 2 au 3. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na chembe nyingi za vumbi la chumbani hupita mikroni 10. Alama ya kidole ni tuta la mafuta na chumvi. Moshi wa sigara huacha utando unaonata, na utando huo hukamata vumbi lililokuwa likipita. Kwa kichwa kinachoruka chini kiasi hicho, vyote hivyo ni mawe barabarani.

Kichwa kikigonga jiwe huyumba, kikagusa rangi, kikaikwangua. Ungaunga wa rangi hushika usoni mwa kichwa na kukinyang'anya umbo lililokuwa likikiinua, hivyo kinagusa tena na tena. Mwanzoni husikika mlio mwembamba, kama wa kijiko kinachogusa ukingo wa glasi, tena kwa mpangilio, mara moja kwa kila mzunguko. Baadaye mlio unakuwa mkwaruzo. Sahani ikitolewa na kumulikwa kwa tochi kwa pembeni huonyesha pete inayong'aa kati ya rangi ya kahawia: hapo rangi imekwisha na alumini imebaki uchi. Kilichokuwa kimeandikwa kwenye pete ile hakirudi kwa ufundi wowote.

Hasara hiyo ni ya katriji moja. Hasara iliyo kubwa zaidi hutokana na jambo ambalo mtu mwenye wasiwasi hulifanya bila kufikiri: katriji inakataa kusomeka, naye anaichomoa na kuijaribu kwenye kiendeshi cha pili. Kama imekwaruzwa, inaingia pale na ungaunga wake na kingo zake za rangi iliyobanduka, inaviharibu vichwa vilivyokuwa vizima. Kisha inachukuliwa katriji nzima ili kupima kama kiendeshi kile cha pili kina hitilafu, nayo inakwanguliwa na vichwa vilivyokwisha kuchafuka. Kwa saa moja ugonjwa wa sahani moja umeenea katika viendeshi vyote vya chumba na kula nakala zilizowekwa kwa ajili ya dharura. Katriji huingia kwenye mashine kama mgeni na mizigo yake, na mashine haina uwezo wa kumpekua.

Hayo hayakuishia kwa mashine kubwa za zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watumiaji wa Zip waliujua mlio wa kugongagonga ambao ulitangaza kwamba vichwa vimeharibika. Kichwa kilichopinda kiliweza kuchana ukingo wa diski laini ya Zip, na diski iliyochanika ukingo iliweza kung'oa vichwa vya kiendeshi kingine, ambacho nacho kikawa tayari kuchana diski nyingine. Kanuni basi ni ile ile kwa kila aina: katriji ikitoa mlio mgeni, au ikikataa kusomeka ghafla, inasimamishwa, inatolewa, inafungiwa peke yake na kuandikwa sababu, na kiendeshi hakipewi katriji nyingine hadi vichwa vyake vitazamwe. Inauma kukaa na swali bila jibu, hasa kazi inaposubiriwa, lakini subira hiyo ndiyo inayookoa rafu nzima.

Aina moja ilibuniwa kwa makusudi ili iepuke balaa hili kwa kiasi kikubwa. Bernoulli Box ya kampuni ya Iomega, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitumia sahani laini ambayo kasi ya hewa huisogeza karibu na kichwa, kwa kanuni iliyopewa jina la Daniel Bernoulli, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18. Umeme ukikatika au vumbi likivuruga hewa, sahani hujilegeza na kujitenga na kichwa. Sahani ngumu haina huruma hiyo.

Kuingiza katriji kunataka mikono mikavu, safi, isiyo na mafuta ya kupaka. Katriji hushikwa kwa kasha au kwa mpini wake. Sahani yenyewe haiguswi kamwe, hata kwa ncha ya kidole, na mlango wa vichwa hausukumwi wazi kwa ajili ya kuchungulia. Aina ya 2315 huingizwa kwa mbele, ikiwa bapa, kama mkate unaotiwa kwenye tanuri, na mlango wake hufunguka ukiwa ndani. Zile zinazoingizwa kwa juu, kama za viendeshi vya DEC vya RL01 na RL02, huvaa kifuniko chini. Mpini ukiinuliwa katriji hutoka kwenye kifuniko hicho, huteremshwa taratibu juu ya mhimili, kisha kifuniko kile kile hurudishwa juu yake. Kosa linaloonekana dogo ni kukiweka kifuniko mezani au sakafuni kwanza. Kitaokota vumbi, na vumbi hilo litakwenda moja kwa moja kwenye sahani.

Kitovu kinastahili kutazamwa kila mara. Katika mashine nyingi za ukoo huu hushikwa na sumaku iliyo kwenye mhimili, na sumaku haichagui: hukusanya vilevile vipande vya chuma vilivyodondoka kutoka kwenye skrubu iliyovuliwa au kwenye pini ya karatasi. Kipande kimoja chembamba kikikaa kati ya kitovu na mhimili, sahani hulala upande na kuzunguka ikiyumba. Kitovu na mhimili husafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya isopropili, bila kutonesha. Maji ya sabuni hayafai, na pamba ya kawaida huacha nyuzi.

Baada ya hapo ni kusubiri. RK05 ina swichi ya kuwasha mzunguko, na mashine hupuliza hewa iliyochujwa ndani ya katriji kwa sekunde kadhaa kabla ya kuteremsha vichwa, ili kufukuza vumbi lililoingia. Taa ya utayari ikiwaka ndipo kazi inapoanza. Wakati wa kutoa pia, mlango wa mashine hubaki umefungwa hadi sahani isimame, na kuulazimisha ni kuomba msiba. Katriji ambayo inasomwa tu iwekewe kinga ya kuandika kabla ya jambo jingine. Swichi yake ipo usoni mwa RK05. Kiendeshi kisichokuwa na katriji ndani kibaki kimefungwa, maana vumbi la leo kwenye mhimili ni la katriji ya kesho.

Umeme kukatika ni jaribio la pekee. Sahani inaendelea kuzunguka kwa muda mfupi, kasi inashuka, hewa inadhoofika, na vichwa visipoondolewa haraka vitatua juu ya rangi. RK05 ina betri ndogo ya nikeli na kadimi ambayo kazi yake moja ni kuvuta vichwa nje dakika hiyo. Betri hizo sasa zina umri wa miaka mingi na nyingi zimekufa au zimevuja. Kuwasha mashine ya namna hiyo bila kupima betri, hasa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, ni kuiweka katriji rehani.

Joto hufanya madhara ya kimya. Alumini hutanuka ikipata joto. Joto la sahani likipanda nyuzi 10, mahali palipo sentimita 15 kutoka katikati yake husogea nje kiasi cha mikroni 35. Mapito ya kumbukumbu katika RK05 yamepishana kwa robo milimita, yaani mikroni 250. Basi katriji iliyotoka kwenye gari lililoegeshwa juani, ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya mashine, inaweza kuwa imesogeza mapito yake zaidi ya robo ya nafasi hiyo. Kichwa kitasoma pembezoni mwa njia. Kikiambiwa kiandike kitaandika mahali pasipo pake, na sahani ikipoa, maandishi mapya yatakuwa yamelala kando ya yale ya zamani. Ndiyo sababu waendesha mashine walifundishwa kuiacha katriji ikae ndani ya chumba cha kompyuta kwa muda wa saa mbili kabla ya kuitumia, ikiwa bado ndani ya kasha lake.

Unyevu una njia yake, na mwambao wa Afrika Mashariki unaijua vizuri. Mtu anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi mjini Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto huona miwani yake ikifanya ukungu mara tu anapofungua mlango. Jambo hilo hilo huipata sahani ya alumini: hewa ya nje yenye mvuke mwingi hugusa chuma baridi na kuacha matone. Tone likikauka juu ya rangi huacha doa, na likikaa siku nyingi kwenye giza huota kuvu. Dawa ni rahisi. Kabla katriji haijatoka kwenye baridi, inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa vizuri, na mfuko haufunguliwi mpaka kilichomo kipate joto la mahali kilipofika. Matone yatatua nje ya mfuko.

Kwa stoo ya muda mrefu kinachotafutwa ni hali isiyobadilika, kiasi cha nyuzi 18 hadi 22 za sentigredi na unyevu wa asilimia 35 hadi 45. Chumba kinachopoozwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko chumba chenye joto la wastani lisilobadilika, kwa sababu kila usiku unyevu hupanda na kila asubuhi hushuka, na kasha hupumua pamoja nao. Rafu iwe mbali na dirisha, mbali na bomba la maji, na isiwe sakafuni ambako mafuriko hufika kwanza. Katriji zisirundikwe zikabebana uzito. Kasha likipinda, mlango wake hauzibi tena. Katoni za karatasi zinazomomonyoka, chaki na karatasi za printa hazina nafasi katika chumba hicho.

Lebo inaandikwa kwanza, ndipo inabandikwa mahali palipotengwa. Kalamu ya wino ni salama. Penseli humwaga unga wa risasi yake, na kifutio humwaga zaidi. Lebo ya zamani ikibanduka ovyo inaweza kujikunja na kuingia mlangoni, kwa hiyo huondolewa nzima na gundi yake kufutwa. Ni vyema lebo itaje si yaliyomo tu bali pia kompyuta na mfumo ulioandika katriji, pamoja na tarehe. Katriji mbili zenye umbo moja zaweza kuwa zimeandikwa kwa mipangilio isiyoelewana kabisa, na mtu atakayekuja baada ya miaka 30 hatakuwa na wa kumwuliza.

Kuhusu sumaku, hofu ya watu mara nyingi haiendani na hatari. Mashine ya kupiga picha ya eksirei katika uwanja wa ndege haifuti diski, maana eksirei si sumaku. Linalodhuru ni sumaku yenyewe ikiwa karibu sana: spika, mota ya feni au mashine ya kusafishia sakafu, kengele ya simu ya zamani, kibanio cha mfuko wa mkononi. Nguvu ya sumaku ndogo hupungua upesi mno. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki karibu moja ya nane. Kwa hiyo kinga bora haina gharama, nayo ni nafasi. Sanduku la kusafirishia lenye sponji au karatasi iliyofinyangwa, unene wa sentimita 8 au 10 kila upande, huzuia mshtuko na wakati huo huo huiweka sumaku yoyote ya nje mbali na rangi.

Sponji nayo ina umri wake. Viendeshi vingi vya miaka ya 1970 vilizibwa kwa vipande vya sponji kwenye njia ya hewa, na sponji hiyo ikizeeka hugeuka makombo meusi yanayonata. Mashine ikiwashwa, hewa iliyokusudiwa kusafisha katriji huyapuliza makombo hayo ndani yake. Anayefufua mashine ya namna hiyo huanza kwa kuondoa sponji yote, kubadilisha kichujio na kusafisha vichwa. Baada ya hapo huiendesha kwa saa kadhaa na katriji isiyo na chochote cha thamani. Yenye thamani huja mwisho. Hukaguliwa kwa tochi, husomwa mara moja au mbili, na kila kilichosomwa huwekwa nakala katika mahali pawili tofauti. Haizungushwi zaidi ya hapo kwa ajili ya maonyesho.

Kuna kosa moja ambalo huwapata hata wenye nia njema, nalo ni kufuta katriji kwa sumaku kubwa ya kufutia tepu ili iwe mpya. Katriji ya RK05 huvumilia, kwa kuwa mapito yake hupangwa na kiendeshi chenyewe na inaweza kuumbizwa upya. Katriji za RL01, RL02 na Zip ni tofauti. Ndani yake kiwandani ziliandikwa alama za kuongoza kichwa, na kiendeshi cha mtumiaji hakina uwezo wa kuziandika tena. Zikifutwa kwa sumaku, kichwa hakioni njia, na katriji inabaki kipande cha alumini au plastiki. Zinazotakiwa kutumika tena hufutwa kwa programu, kwa kuandika juu ya kila sekta. Zenye siri ambazo hazitatumika tena hufunguliwa, na sahani hukwanguliwa rangi yote kwa msasa, pande zote mbili, mpaka alumini ionekane.